Picha ya moyo imetoka safi, mbona kifua bado kinanibana?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 51, naishi Massachusetts na familia yangu. Miezi miwili iliyopita nilibanwa kifua usiku, nikawa na kichefuchefu na mkono mzito, mume wangu akanikimbiza hospitali. Walinipima ECG (kipimo cha umeme wa moyo), wakatoa damu mara mbili, kisha wakanipiga CT scan ya mishipa ya moyo. Asubuhi wakaniambia mishipa ni misafi, nikarudi nyumbani. Mwaka juzi mume wangu alipatwa na maumivu kama hayohayo, hospitali ileile, lakini yeye baada ya CT aliingizwa mrija kwenye mkono hadi kwenye mishipa ya moyo na kuwekewa stenti, kibomba kidogo cha kuacha mshipa wazi. Nauliza: je, sisi wanawake tunapimwa kwa mizani nyingine? Mionzi ile ya kifuani si hatari kwa matiti? Na kwa nini hadi leo nikipanda ngazi na mzigo kifua kinabana, wakati nimeambiwa moyo ni mzima? Tena nina dada yangu Tanga, ana kisukari na presha, naye analalamika kifua. Nimwambie aombe kipimo gani?

JIBU: Dada yangu, pole kwa usiku huo, na ahsante kwa kueleza kila kitu kwa mpangilio. Nitaanza na swali lako la tatu kwa sababu ndilo linalotaka hatua sasa. Hayo mengine yanaweza kusubiri aya chache.

Kifua kinachobana ukipanda ngazi na kuachia ukipumzika ni dalili ya moyo mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata kama CT imeonyesha mishipa misafi. Mpigie daktari wako wiki hii, usingoje miadi ya mwaka. Mwambie hayohayo uliyoniandikia mimi, kwamba kubana kunakuja na ngazi na mzigo, na mweleze kunachukua muda gani kuisha. Na siku kutakapokuja ukiwa umekaa tu, kusiishe ndani ya dakika tano, au kuje pamoja na kijasho chembamba na pumzi kukata, usisubiri mtu atafute funguo za gari. Piga 911.

Daktari wa dharura hakukudanganya. Alikuwa na swali moja la kujibu usiku ule: je, mama huyu ana mshipa mkubwa wa moyo ulioziba au ulio karibu kuziba, kiasi kwamba nikimruhusu anaweza kurudi kesho akiwa hoi? CT hujibu swali hilo vizuri sana, na kwa wanawake faida yake imeonekana kuwa kubwa kuliko kwa wanaume. Lakini swali la nini hasa kilichokubana kifua halikujibiwa. Wewe ulisikia "mishipa ni misafi" ukaelewa "moyo ni mzima", na pengine hata karatasi ya kuruhusiwa iliandikwa hivyo. Hapa katikati ndipo wanawake wengi wanapopotelea, ndiyo maana nataka nikueleze kwa urefu.

Tufuate usiku wako ulivyokwenda. ECG ndiyo huja kwanza, na mwongozo wa maumivu ya kifua uliotolewa Marekani Oktoba 2021 unataka ifanyike na isomwe ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Mwongozo huohuo uliwaambia madaktari waache kuyaweka maumivu katika fungu la "yasiyo ya kawaida", fungu ambalo wanawake walikuwa wakitupwa humo mno. Sasa maumivu ni ya moyo, au huenda ni ya moyo, au si ya moyo, basi. Mimi naona mabadiliko hayo yamechelewa. Utafiti wa VIRGO, uliofuatilia watu wa miaka 18 hadi 55 waliopata shambulio la moyo, ulikuta kwamba asilimia 87 ya wanawake walikuwa na maumivu ya kifua, na wanaume asilimia 89.5. Tofauti hiyo ni ndogo sana. Kilichokuwa kingi zaidi kwa wanawake ni dalili za pembeni: kichefuchefu, taya au shingo kuuma, mgongo katikati ya mabega, kuchoka kusikoelezeka. Mwanamke huja na kifua pamoja na hayo mengine, na msikilizaji akishika hayo mengine anaandika kiungulia, vidonda vya tumbo au mawazo. Katika VIRGO hiyohiyo, miongoni mwa waliokuwa wameshaenda kwa daktari kabla ya shambulio, asilimia 53 ya wanawake walisema waliambiwa dalili zao hazihusiani na moyo. Kwa wanaume ilikuwa asilimia 37.

Baada ya ECG huja damu, na hapa swali lako la mizani lina jibu ambalo huenda hukulitegemea. Ndiyo, mizani ni miwili, na inapaswa kuwa miwili. Troponini ni protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo inapoumia. Moyo wa mwanamke kwa kawaida ni mdogo kuliko wa mwanamume, na kiwango cha troponini kwa mwanamke mwenye afya huwa chini. Katika kimoja cha vipimo vya kisasa vinavyotumika sana, mpaka wa kawaida kwa mwanamke ni nanogramu 16 kwa lita, na kwa mwanamume ni 34. Maabara ikitumia mpaka mmoja kwa wote, mwanamke mwenye 22 anaambiwa yuko sawa ilhali moyo wake umeumia. Huko Edinburgh, Uskochi, watafiti walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Walipotumia kipimo chenye usikivu mkubwa na mpaka wa kila jinsia, wanawake waliotambuliwa kuwa na shambulio la moyo walipanda kutoka asilimia 11 hadi 22, yaani mara mbili. Wanaume walitoka asilimia 19 hadi 21 tu. Kwa hiyo ukiwa na majibu yako ya maabara, tazama kama namba imewekwa kando ya mpaka wa wanawake. Ukikuta mpaka mmoja tu, muulize daktari wako kwa upole kabisa: huu ni wa kina nani?

Damu yako ilitolewa mara mbili kwa sababu troponini huchukua muda kupanda. Namba ya kwanza inaonyesha ilipo, ya pili inaonyesha inakoelekea.

Picha inakuja kwa wale waliobaki katikati. Mtu mwenye ECG inayoonyesha mshipa umeziba hapelekwi CT, anakimbizwa moja kwa moja kwenye chumba cha mrija akafunguliwe mshipa. Mtu mwenye ECG safi, troponini isiyoonekana kabisa na maumivu yanayoamshwa na kubonyeza mbavu anaweza kurudi nyumbani bila picha yoyote. CT ni ya mtu kama wewe: miaka 51, habari ya maumivu inayotia wasiwasi, ECG isiyosema kitu, damu isiyopanda.

Utafiti unaonishawishi zaidi kuhusu hatua hii ulifanyika hukohuko unakoishi. Uliongozwa na Massachusetts General Hospital ya Boston, ukaitwa ROMICAT II, ukachapishwa 2012. Waliingizwa watu 1,000 wa miaka 40 hadi 74 katika hospitali tisa za Marekani, karibu nusu yao wanawake, wote wakiwa na maumivu ya kifua huku ECG na troponini ya kwanza zikiwa hazionyeshi shambulio. Kundi moja lilipigwa CT mapema, jingine likahudumiwa kwa utaratibu wa kawaida wa hospitali. Waliopigwa CT walikaa hospitali saa 23 kwa wastani, na wenzao karibu saa 31. Asilimia 47 ya kundi la CT waliruhusiwa moja kwa moja kutoka idara ya dharura, na kundi la pili asilimia 12 tu. Hakuna shambulio lililowaponyoka madaktari.

Mwaka uliofuata matokeo hayo yalitenganishwa kwa jinsia, na hapo tofauti ikaonekana. Asilimia 58 ya wanawake waliopigwa CT walikuwa na mishipa isiyo na doa, wanaume asilimia 37. Mshipa uliozibwa kwa kiasi kikubwa ulionekana kwa asilimia 5 ya wanawake na asilimia 17 ya wanaume. Wanawake ndio waliopunguziwa zaidi saa za kukaa hospitali, ndio waliolazwa kidogo zaidi, na mionzi waliyoongezewa na njia ya CT ilikuwa kidogo kuliko ya wanaume. Jambo ambalo watu hulipita haraka ni hili: vipimo vya zamani vya kuusumbua moyo, kama kukimbia kwenye mashine, vilitoa majibu ya kawaida kwa kiwango kilekile kwa wanaume na wanawake, ingawa wanawake wenye ugonjwa walikuwa wachache zaidi. Maana yake vipimo hivyo havikuwa vikitenganisha vizuri. Ni kweli kwamba kwa mwanamke ECG ya kwenye mashine ya kukimbia hutoa kengele nyingi za uongo, na picha ya nyuklia ya moyo inaweza kuonyesha kivuli cha titi kikadhaniwa ni sehemu ya moyo isiyopata damu. CT inauangalia mshipa wenyewe, kwa hiyo inakwepa mtego huo.

Sasa mume wako. Katika utafiti huo wanaume waliopigwa CT ndio walioingizwa mrija kwa wingi kuliko wote, asilimia 18. Wanawake walikuwa asilimia 5, wawe wamepigwa CT au la. Kwa habari uliyonipa, hospitali haikukubagua. CT yake ilionyesha mshipa uliobanwa, yako haikuonyesha, na kila mmoja alipata kilichofuata. Ripoti za CT hizi siku hizi hupewa daraja kutoka 0 hadi 5. Sifuri ni mishipa isiyo na utando wowote, 3 ni kubanwa kuanzia nusu, 4 ni kuanzia asilimia 70, na 5 ni kuziba kabisa. Mwombe daktari wako akuonyeshe daraja lako. Sifuri na moja vyote huelezwa kwa mgonjwa kwa neno "safi" au "hakuna tatizo", lakini moja ina maana utando umeshaanza, na hilo linabadilisha mazungumzo kuhusu dawa ya kolesteroli.

Sitaki uondoke hapa ukidhani ubaguzi haupo. Upo, na umepimwa. Mwaka 1991 utafiti wa rekodi za hospitali za Massachusetts na Maryland ulionyesha kwamba wanawake waliolazwa kwa ugonjwa wa moyo walipelekwa kuingizwa mrija na kufunguliwa mishipa mara chache kuliko wanaume. Bernadine Healy, daktari wa moyo aliyekuwa mwanamke wa kwanza kuongoza taasisi za taifa za afya za Marekani, aliandika mwaka huo akilalamika kwamba mwanamke anapaswa kwanza kuthibitisha kuwa anaumwa kama mwanamume ndipo atibiwe kama mwanamume. Miaka karibu 30 baadaye, utafiti mkubwa wa hospitali 10 za Uskochi uliohusu zaidi ya watu 48,000 ulitumia mpaka wa troponini wa kila jinsia. Wanawake wengi zaidi walitambuliwa kuwa moyo umeumia. Lakini waliofunguliwa mishipa walikuwa asilimia 15, na wanaume asilimia 34, na hata dawa za kawaida za kuzuia shambulio la pili walipewa kidogo. Sehemu ya pengo hilo inatokana na aina ya ugonjwa, kwa sababu wanawake wengi huumia moyo bila mshipa mkubwa kuziba. Pengo la dawa silielezi kwa njia hiyo, na halinipi amani.

Kuhusu mionzi, hofu yako ina msingi, na jibu limebadilika sana kwa miaka. Titi liko mbele ya moyo, hakuna njia ya kulikwepa. Mwaka 2007 wataalamu walikadiria kwa hesabu kwamba kwa mashine za wakati ule, CT moja ya mishipa ya moyo ingeweza kumletea saratani wakati fulani wa maisha msichana mmoja kati ya 143 wa miaka 20, na mzee mmoja wa kiume kati ya 3,261 wa miaka 80. Hesabu hizo ziliwatisha watu, na ilikuwa vizuri ziwatishe, kwa sababu watengenezaji na mafundi walibadilika. Uchunguzi wa vituo 61 katika nchi 32 ulikuta kwamba kati ya 2007 na 2017 kipimo cha mionzi kwa picha hii kilishuka kwa asilimia 78. Kwenye mashine nzuri na mapigo yakiwa ya polepole, mgonjwa leo hupata milisiveti (kizio cha kupimia mionzi) chache tu. Mazingira ya kawaida peke yake humpa mtu wa Marekani milisiveti 3 hivi kwa mwaka. Kwa umri wako wa miaka 51, hatari iliyoongezwa na picha ile moja ni ndogo sana ukiilinganisha na hatari ya kumrudisha nyumbani mtu mwenye mshipa unaoziba. Kwa binti wa miaka 24 mwenye ECG na damu safi ningesita, na ningetaka sababu nzito kabla ya kumpeleka.

Wengi hawajui kwamba sehemu kubwa ya ubora wa picha na ya mionzi huamuliwa na mapigo ya moyo. Pengine unakumbuka: ulilazwa chali, mikono juu ya kichwa, vibandiko vya ECG kifuani, sindano nene kwenye kiwiko. Fundi alikuwa akitazama namba kwenye skrini. Anataka mapigo yashuke hadi 60 hivi kwa dakika, kwa hiyo huenda ulipewa dawa ya kuyapunguza. Halafu ulipuliziwa au ukawekewa nitrogliserini chini ya ulimi, kichwa kikagonga kidogo. Dawa hiyo hutanua mishipa ya moyo, na kwa mwanamke ina umuhimu wa pekee kwa sababu mishipa yake ni myembamba hata ukizingatia ukubwa wa mwili. Mwanamume katika chumba hicho huulizwa kama ametumia dawa za nguvu za kiume, maana zikikutana na nitrogliserini presha inaweza kuporomoka. Mwanamke huulizwa kama ana mimba. Kisha dawa ya kung'arisha mishipa ikaingia, joto likakupanda kifuani na kushuka mpaka nyonga, ukadhani umejikojolea. Wengi huona aibu na kunyamaza. Ni kawaida kabisa, hupita ndani ya nusu dakika. Ukaambiwa uvute pumzi uishike, na picha ikapigwa moyo ukiwa umetulia kati ya pigo na pigo. Mapigo yakiwa mbio au pumzi ikiponyoka, mishipa inatoka na ukungu, na ripoti inapaswa kusema hivyo. Tazama kama ripoti yako ina maneno kuhusu ubora wa picha. "Safi" iliyosomwa kwenye picha nzuri ina uzito kuliko "safi" iliyosomwa kwenye picha yenye ukungu.

Turudi sasa kwenye ngazi na mzigo.

CT inaona mishipa mikubwa inayopita juu ya moyo. Ikifika kwenye upana wa milimita moja na nusu hivi, macho yake yanaanza kushindwa. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kugawa damu hufanywa na vimishipa vidogo vilivyozama ndani ya misuli. Fikiria shamba la umwagiliaji: mfereji mkuu unaweza kuwa umejaa maji na hauna takataka, huku vijifereji vinavyoingia kwenye majaruba vikiwa vimebana, na mpunga ukanyauka. Kwa wanawake, hasa karibu na kukoma hedhi, na zaidi wakiwa na presha, kisukari au waliopata kifafa cha mimba zamani, vimishipa hivi hushindwa kutanuka moyo unapodai damu zaidi. Kifua kinabana ukipanda ngazi, na kila picha ya mishipa mikubwa inatoka safi. Wapo pia ambao mshipa mkubwa hujikaza ghafla kisha ukaachia, mara nyingi usiku au alfajiri. Huu ni ugonjwa halisi. Utafiti wa Marekani uitwao WISE, ulioanza mwaka 1996, ulifuatilia wanawake wa namna hii na kuonyesha kwamba hatari yao ya baadaye haikuwa ndogo kama madaktari walivyokuwa wakiwaambia.

Vipo vipimo vyake. PET (picha inayotumia dawa yenye mionzi) au MRI (picha ya sumaku) ya moyo inayofanywa huku moyo umechochewa kwa dawa inaweza kupima jinsi damu inavyopita ndani ya misuli yenyewe, na MRI haina mionzi kabisa. Kipimo cha uhakika zaidi hufanywa kwa mrija: waya mwembamba hupima mtiririko, na dawa huingizwa kuona kama mshipa unajikaza. Huko Uskochi utafiti mmoja uliochapishwa 2018 uliwachukua watu 151 wenye maumivu ya moyo na mishipa isiyoziba. Waliotibiwa kulingana na majibu ya kipimo hicho walikuwa na nafuu ya maumivu kuliko waliotibiwa kwa kukisia, kwa sababu dawa ya mshipa unaojikaza si ile ya vimishipa visivyotanuka. Kwa hiyo ukifika kwa daktari wa moyo, muulize wazi: tumeshajua mishipa mikubwa haijaziba, je tunaweza kuchunguza vimishipa vidogo? Swali hilo linampeleka mahali pengine kabisa kuliko ukimwambia tu kwamba bado unaumwa. Na kama Kiingereza cha hospitalini kinakuchosha, hospitali za huko zinawajibika kukupa mkalimani wa Kiswahili bila malipo. Mwombe mapema unapoweka miadi, usimwachie mwanao mzigo huo.

Yapo magonjwa mengine mawili ambayo CT ya dharura inaweza kuyapita, nitayagusa kwa haraka maana troponini yako haikupanda. La kwanza ni ukuta wa mshipa wa moyo kuchanika wenyewe. Karibu asilimia 90 ya wanaopatwa ni wanawake, wengi wao katika miaka ya 40 na 50 wasio na presha wala kolesteroli, na ndiyo sababu kubwa ya shambulio la moyo linalohusiana na ujauzito na wiki za baada ya kujifungua. Mchaniko ukiwa kwenye mshipa mwembamba wa pembeni, CT inaweza isiuone. La pili ni moyo kulegea ghafla baada ya mshtuko mkubwa, kama msiba, ugonjwa ulioelezwa kwanza Japani mwaka 1990, ambao huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi. Huo huonekana kwenye ECHO, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, mishipa ikiwa mizima. Mwanamke yeyote ambaye troponini imepanda na mishipa ikaonekana safi hapaswi kurudi nyumbani na neno "safi" peke yake. Katika VIRGO, shambulio la moyo bila mshipa kuziba lilikuwa asilimia 14.9 kwa wanawake na 3.5 kwa wanaume, kwa hiyo si jambo la nadra. Utafiti wa 2021 uliowachunguza wanawake wa aina hii kwa picha ya ndani ya mshipa pamoja na MRI ulipata sababu kwa takriban asilimia 85 yao.

Sisemi kila mwenye kifua akimbilie CT. Tangu troponini zenye usikivu mkubwa zienee, wengi wanaweza kuruhusiwa kwa damu peke yake. Utafiti wa Uholanzi wa 2016 uliofanywa katika hali hiyo haukuona saa za hospitali zikipungua. Na mwaka 2021 Waingereza walionyesha kwamba kuwapiga CT mapema watu wenye hatari ya kati, wengi wao wakiwa na ECG au damu isiyo ya kawaida, hakukupunguza vifo wala mashambulio ndani ya mwaka mmoja. Faida kubwa ya picha hii iko kwa mtu wa katikati asiye na historia ya moyo, na katika kundi hilo wanawake ndio walionufaika zaidi.

Dada yako wa Tanga asianze na CT. Mwenye kisukari na presha anayelalamika kifua aanze na ECG, na kama maumivu ni ya sasa hivi, troponini pamoja nayo. Kisukari humnyang'anya mwanamke ile nafuu aliyo nayo juu ya mwanamume katika magonjwa ya moyo, na kinaweza kulifanya shambulio lije kwa kuishiwa pumzi tu, kifua kisiume sana. Utafiti uliofanyika idara ya dharura ya hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, ukachapishwa 2020, ulikuta kwamba zaidi ya mtu mmoja kati ya watano waliofika na maumivu ya kifua au pumzi kubana walikuwa na shambulio la moyo, na wengi wao hawakuwa wametambuliwa na hospitali. Waliambiwa ni mapafu, ni presha, ni tumbo. Watafiti waliwatambua kwa kumpima kila mmoja ECG na troponini, basi.

Kwa hiyo mwambie asinunue dawa ya vidonda vya tumbo dukani wiki nyingine tena. Aende Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa, na kama ECG ina kasoro au kifua kinambana akitembea, aombe barua ya rufaa kwenda Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, ambako wanaingiza mrija na kuweka stenti. Abebe dawa zake zote, daftari la kliniki ya kisukari na ECG yoyote ya zamani, maana ya jana ikiwekwa kando ya ya leo husema mengi. Akifika na maumivu, aseme kwanza kwamba kifua kinauma na yalianza saa ngapi, ndipo aeleze hayo mengine ya tumbo na kuchoka. Na kama ECG ya kwanza haikuonyesha kitu na bado anaumwa, aombe irudiwe baada ya dakika 15 hadi 30, akiwa palepale kitandani, kabla hajavaa viatu.